Simbilisi aliyeng'atwa na paka au mbwa: dalili, chanzo na la kufanya

Mwaka juzi paka wa jirani aliingia jikoni kwetu, hapa Njombe, akamkamata simbilisi mmoja kabla mama watoto hajawahi kumfukuza na mwiko. Tulimkagua, tukaona tundu moja dogo begani, kama la sindano, na damu tone moja. Tukamrudisha kwa wenzake tukishukuru kwamba ameponea chupuchupu. Kesho yake akawa amejikunyata pembeni, hali chochote. Nikakimbilia duka la dawa, nikauziwa amoksilini, nikawa nampa robo ya kapsuli kwenye maji asubuhi na jioni. Siku ya nne akaanza kuhara. Siku ya tano binti yangu akaja kuniamsha: "Baba, Doa amekuwa wa baridi."

Jino la paka lilimwanza, lakini mimi nilimmalizia kwa dawa, na njaa ikasaidia. Nilikuja kuelewa hivyo baadaye, nilipokaa na daktari wa mifugo akanieleza hatua kwa hatua. Mwaka jana mbwa wetu wenyewe alipomdaka Kijivu, nilifanya tofauti, na Kijivu yupo hadi leo. Kwa hiyo nawaandikia wanaofuga simbilisi, wawe wa kitoweo au wa kuchezewa na watoto, na ndugu zetu wa Kivu wanaomwita dende. Kwa simbilisi kidonda unachokiona mara nyingi si ndicho kinachoua.

Dakika za kwanza

Mtoe paka au mbwa ndani ya chumba na ufunge mlango. Kumfukuza tu hakutoshi, kwa sababu simbilisi akiendelea kumsikia au kumnusa, moyo wake hautatulia. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, ukiuweka mgongo umenyooka. Usimshike kwa ngozi ya shingo kama paka, wala usimbane tumboni, maana huenda mbavu zimevunjika.

Mweke kwenye boksi lililotandikwa kanga ya zamani au taulo. Maranda ya mbao hayafai, yanaganda kwenye kidonda. Kama damu inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kama haitoki, mwache robo saa kwenye giza na ukimya kabla ya kumkagua.

Wewe mwenyewe osha mikono. Simbilisi mwenye maumivu huuma hata kama ni mpole, na mate ya mbwa yanaweza kuwa bado yapo kwenye manyoya yake. Kama mbwa aliyemng'ata hajulikani, au hajachanjwa, au alikuwa na tabia isiyo ya kawaida, fikiria kichaa cha mbwa. Mwenye mchubuko mkononi aliyegusa mate hayo aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Na simbilisi huyo asichinjwe akaliwa. Najua wengi wetu mawazo ya kwanza huwa hayo, "tumuwahi kabla hajafa". Kwa mnyama aliyeng'atwa na mbwa wa kutiliwa shaka, acha kabisa.

Amelegea, masikio na miguu ni baridi, fizi zimepauka

Huu ni mshtuko. Damu imeondoka pembezoni mwa mwili ikakimbilia moyoni na kwenye ubongo. Unaweza kutokea hata pasipo kidonda chochote, na ndio unaoua ndani ya saa chache za mwanzo.

Dawa yake ya kwanza ni joto. Joto la kawaida la simbilisi ni kama nyuzi 37.2 hadi 39.5, na mwili mdogo hupoteza joto upesi, hasa kwetu huku ambako usiku wa Juni na Julai unauma. Chukua chupa ya plastiki, jaza maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, izungushie kitambaa, uiweke upande mmoja tu wa boksi ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Ibadilishe kila inapopoa. Usimweke karibu na jiko la mkaa. Moshi wake na gesi isiyoonekana humdhuru haraka kuliko baridi.

Usimlazimishe kula wala kunywa akiwa bado amelegea, chakula kitaingia mapafuni. Subiri ashike kichwa chake mwenyewe. Kama saa moja au mbili za joto hazijamrudisha, au tumbo linazidi kujaa na kuwa gumu, au mkojo una damu, kuna uwezekano anavuja damu ndani. Hapo nyumbani hakuna la kufanya zaidi ya kumpeleka kwa daktari akiwa na joto lake.

Anapumua kwa nguvu, au mdomo umefunguka

Simbilisi hupumua kwa pua. Ukimwona anahema kwa mdomo, ujue hali imefika mbali. Mbwa hana desturi ya kutoboa tu. Hudaka na kutikisa, na mtikiso huo huvunja mbavu, huchubua mapafu, hata hupasua kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, huku ngozi ikiwa nzima. Akitulia, hesabu pumzi zake kwa sekunde 30 uzidishe mara mbili. Kati ya 40 na 100 kwa dakika ni kawaida. Zikizidi sana hapo akiwa amepumzika, au ubavu unaingia ndani kila anapovuta pumzi, mwone daktari siku hiyohiyo. Kama kuna tundu kifuani linalotoa sauti ya hewa, lizibe kwa kitambaa safi chenye unyevu na uende. Usimfunge bandeji ya kumbana.

Tundu dogo, au mawili, na mnyama anaonekana mzima

Hapa ndipo tulipokosea na Doa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jino la paka ni jembamba na refu. Linaingia, linaacha bakteria ndani, linatoka, na ngozi inajifunga juu yake. Anayetajwa sana kati ya bakteria hao anaitwa Pasteurella, anaishi kinywani mwa paka bila kumsumbua paka mwenyewe. Ndani ya siku moja hadi tatu simbilisi anaweza kuwa na sumu ya damu. Kwa hiyo tundu la paka, hata moja, hata dogo, linahitaji antibiotiki siku ileile. Usisubiri livimbe.

Mkague kwa kupuliza manyoya yagawanyike, kuanzia shingoni, mabegani, mgongoni, ubavuni hadi kwenye kinena. Ukilipata tundu moja tafuta la pili, maana meno huja mawili mawili. Punguza manyoya kuzunguka kidonda kwa mkasi mdogo, taratibu, ngozi yao ni laini mno. Kisha osha kwa maji ya chumvi: kijiko kidogo cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu. Tumia bomba la sindano bila sindano yake, mwagia kidondani mara nyingi hadi maji yatoke safi. Baadaye unaweza kupaka iodini ya povidoni iliyozimuliwa kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea.

Vya kuepuka ni vingi kuliko vya kutumia. Spiriti huunguza nyama inayojaribu kuungana. Dettol ni kali kwake, na atailamba. Mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa, oili ya gari, vyote nimeona watu wakiviweka na vyote huongeza uchafu. Ile dawa ya kupuliza ya bluu wanayotumia kwa ng'ombe na mbuzi pia si yake, kwa sababu mara nyingi ina tetrasaiklini, ambayo utaiona hapa chini. Tundu dogo lisifungwe wala kushonwa, liachwe wazi litoe uchafu.

Sasa dawa ya kumeza. Utumbo wa simbilisi unaishi kwa bakteria wema wanaomsagia nyasi. Penisilini, ampisilini, amoksilini, klindamaisini na erithromaisini huwaua hao wema na kuwaachia nafasi wabaya wanaotoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Sindano ile ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, ambayo afisa mifugo wengi huwa nayo mfukoni kwa ajili ya ng'ombe, nayo si salama kwake. Tetrasaiklini, pamoja na ile oksitetrasaiklini iliyojaa kila duka la dawa za mifugo, ina hatari ya aina hiyohiyo. Maafisa mifugo ni wataalamu wazuri wa ng'ombe na kuku. Simbilisi hawakumsoma sana, kwa hiyo ni juu yako kusema mapema: "Mtaalamu, huyu hapewi penisilini."

Zinazovumiliwa ni enrofloksasini na mchanganyiko wa salfa na trimethoprimu. Enrofloksasini utaikuta kama dawa ya maji ya kuku, na mara nyingi ina nguvu ya asilimia 10, maana yake miligramu 100 kwa kila mililita. Simbilisi wa gramu 700 akiandikiwa miligramu 10 kwa kilo anahitaji miligramu 7 tu, yaani mililita 0.07, sawa na tone moja au mawili, nalo ni lazima lizimuliwe kwa maji kwa sababu linaunguza kinywa. Unaona jinsi kosa lilivyo rahisi. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni, nenda na namba hiyo, dozi aipige daktari. Kwa wasio na daktari wa wanyama wadogo karibu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuulizia.

Maumivu nayo yatibiwe, maana mwenye maumivu hali. Mwombe daktari meloksikamu kwa kipimo chake. Diklofenaki na vidonge vingine vya watu usivigawe kwa kisu nyumbani. Mwili wa nusu kilo hausamehe.

Hataki kula, au anachagua chagua, na kinyesi kimepungua

Kama ningeambiwa nichague dalili moja ya kufuatilia, ningechagua hii. Simbilisi mzima anatafuna mchana na usiku. Utumbo wake unasukumwa na chakula kinachoingia, kikikoma kuingia nao unasimama, gesi inajaa, maumivu yanaongezeka, anazidi kugoma. Saa 12 bila kula ni hatari tayari. Zikifika 24, ini lake linaanza kuzidiwa na mafuta ya mwili yanayovunjwa, na mnene au mwenye mimba hufika huko upesi zaidi.

Hesabu kinyesi kila asubuhi. Vidonge vikiwa vidogo, vikavu, vyenye umbo la tone la machozi, au vichache kuliko jana, utumbo unapunguza mwendo hata kama unamwona mdomo unachezacheza. Mpime uzito kila siku saa ileile. Aliyekuwa na gramu 800 akishuka hadi 720, amepoteza sehemu ya kumi, na hapo usingoje zaidi.

Mlishe kwa mkono. Loweka chakula cha vidonge cha sungura kwenye maji ya moto hadi kivurugike, kichuje au kisage kiwe uji mwepesi unaopita kwenye bomba la sindano la mililita 1 lililokatwa ncha na kulainishwa. Usipokuwa na vidonge, twanga majani makavu ya mabingobingo au nyasi laini, chekecha, changanya na maji vuguvugu. Uji wa sembe haufai, ni wanga mtupu na utumbo wake unataka nyuzi.

Mpakate akiwa ametulia kwa tumbo lake, usimlaze chali kama mtoto mchanga. Pitisha bomba pembeni, kwenye uwazi uliopo nyuma ya meno ya mbele, toa nusu mililita, subiri atafune na kumeza. Halafu nyingine. Kwa siku anahitaji kama mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo ya mwili, yaani kwa wa gramu 700 kama 35 hadi 55, zikigawanywa milo mitano au sita, na mmoja wa milo hiyo ni wa usiku. Kijivu alinilisha usingizi wa mang'amung'amu kwa siku sita. Siku ya saba alininyang'anya bomba, akalitafuna, nikajua tumevuka.

Usiache kumwekea majani mabichi mbele yake: kishonanguo, majani ya mahindi, nyasi. Wengine hukataa uji lakini jani moja lenye harufu huwaamsha.

Na vitamini C. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea mwilini. Bila hiyo ngozi haishikani, mishipa huvuja damu, kidonda hubaki kibichi wiki baada ya wiki. Mgonjwa mpe kama miligramu 30 hadi 50 kwa siku. Nusu ya kidonge cha vitamini C cha miligramu 100, kikipondwa kwenye uji wake, kinatosha. Kisiwe kidonge cha vitamini mchanganyiko. Usikitie kwenye maji ya kunywa, nguvu yake huisha ndani ya saa chache. Kipande cha pilipili hoho au cha pera lililoiva kinasaidia sana, na mapera kwa wengi wetu hayanunuliwi.

Ameanza kuhara baada ya kupewa dawa

Simamisha dawa hiyo mara moja, piga simu kwa aliyekupa, mtajie jina la dawa lilivyo kwenye pakiti. Endelea na joto, maji kwa matone, na uji wa nyasi. Ukiwa na simbilisi mwingine mzima, kinyesi chake kibichi kikivurugwa kwenye maji kidogo na kupewa mgonjwa humrudishia bakteria wema. Inasikika vibaya, lakini wao wenyewe hula kinyesi chao laini kila siku.

Anachechemea au anaburuta miguu ya nyuma

Hapa lazima utofautishe. Mguu mmoja ukining'inia, umevimba na kupinda, umevunjika. Usimfunge vijiti, atavitafuna na kuzidisha jeraha. Mweke kwenye boksi dogo asikimbie, umpeleke kwa daktari. Mingi huunga kwa kupumzishwa wiki tatu hadi nne.

Miguu yote miwili ikiburuzwa, na mkojo unachuruzika wenyewe au hautoki kabisa, uti wa mgongo umeumia. Wengine hurudi, uvimbe wa ndani ukipungua siku mbili tatu. Mwenye matumaini madogo ni yule asiyehisi kitu hata ukibinya kidole kwa nguvu kwa koleo ndogo. Huyo mwombe daktari amlaze usingizi wa mwisho bila maumivu. Nilishaona watu wakiwaacha wajiburuze mpaka tumbo linachunika, na si huruma.

Kuna na wa tatu: aliyeanza kuchechemea wiki kadhaa baada ya ajali, viungo vimevimba, akiguswa analia. Mara nyingi huyo ana upungufu wa vitamini C tu, na hubadilika ndani ya siku chache ukimpa.

Jicho na meno

Jicho lililochanwa na ukucha huwa na ukungu na machozi. Osha kwa maji ya chumvi yale yale na umpeleke. Usitie matone ya jicho yenye deksamethasoni, yanalizuia jicho lisipone. Meno ya mbele yaliyokatika yataota tena ndani ya wiki mbili tatu, ila akatiwe chakula vipande vyembamba na uangalie kama yanaota yakikutana sawasawa. Taya likiwa limepinda au mate yanachuruzika, ni la daktari.

Hakuna kidonda, mwenzake alikuwa sungura

Sungura hapigani kwa meno sana. Anapiga teke kwa miguu ya nyuma, na teke lake linavunja mbavu au kupasua ini la simbilisi. Mfuatilie kama aliyedakwa na mbwa. Akianza kupiga chafya na kutoa kamasi siku chache baadaye, kumbuka kwamba sungura hubeba bakteria waitwao Bordetella puani bila kuumwa, nao humpa simbilisi homa ya mapafu. Hawa wawili wasikae banda moja, hata kama wanaonekana kupendana.

Kidonda kinanuka, kina funza, au uvimbe umetokea baada ya wiki

Nzi hutaga kwenye kidonda chenye unyevu na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Kikague asubuhi na jioni. Funza watoe mmoja mmoja kwa kibano, osha, mfunike boksi kwa chandarua, na muone daktari siku hiyo.

Uvimbe mgumu unaokua polepole ni jipu. Usaha wa simbilisi ni mzito kama jibini, hautoki kwa kukamuliwa. Ukilikamua unausukuma ndani. Jipu hupasuliwa na kuondolewa pamoja na ngozi yake ya ndani, na hiyo ni kazi ya daktari.

Anaogopa kurudi kwa wenzake

Mrudishe kidonda kikishakauka na akiwa anakula mwenyewe siku tatu mfululizo. Mwanzo mweke na mwenzake mmoja mtulivu. Mwenzake akitafuna kigaga, watenganishe kwa wavu ili wasikiane tu. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa hauzuii paka, mkono wake unapita. Tumetumia wavu wa nusu inchi, mlango una komeo, na banda limeinuliwa hadi kiunoni. Kijivu bado hujificha nyuma ya tofali akisikia mbwa akibweka uani, kwa hiyo tofali tumeliacha humo.